Upepo Una Saa Zake

Upepo ni mali ya zamani kwetu sisi watu wa pwani. Kabla umeme haujasikika, wazee wa Likoni na Kisauni walikwisha kuzipa pepo majina, na kila jina lilikuwa na majira yake na kazi yake. Kaskazi, ianzayo karibu na Desemba, ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi, iingiayo na masika, iliyarudisha kwao. Baina ya hizo mbili ilivuma matlai, na alfajiri umande ulitoka bara ukawasukuma wavuvi baharini. Nahodha hakuweza kuuamuru upepo uvume. Elimu yake ilikuwa kujua saa ya kutweka tanga na saa ya kungoja, na aliyepitwa na msimu alikaa bandarini miezi mingi akila akiba yake.

Nimeanza na habari hizi za kale kwa sababu mimi ni mwalimu huku Changamwe, na kila mwaka wanafunzi wangu huniuliza swali moja: kama upepo na jua ni vya bure, kwa nini umeme una bei? Swali hili ni la haki. Baadhi yao husoma kwa koroboi kila mwisho wa mwezi, fedha za umeme zinapokwisha nyumbani, hali dohani za mitambo ya Kipevu waziona kutoka mlangoni.

Mombasa si mgeni wa umeme. Mji huu ulipata kampuni yake ya umeme mwaka 1908. Kwa miaka mingi pwani ilitegemea sana mafuta mazito yaletwayo kwa meli na kuchomwa Kipevu. Mtambo mmojawapo, wa megawati 74, ulioanza mwaka 2001, ulimaliza mkataba wake ukafungwa mwaka 2021. Mwingine mkubwa zaidi ulijengwa mwaka 2011. Lakini bei ya mafuta haiamuliwi Mombasa. Vita vikizuka mbali, au nchi zichimbazo mafuta zikikubaliana kuuza machache, ongezeko hilo hulipwa na fundi cherehani wa Magongo.

Nilipokuwa nikisomea ualimu Shanzu niliiona njia nyingine. Tulisafiri kwa basi usiku kucha mpaka Olkaria, karibu na Naivasha. Kabla ya kuona mtambo wo wote nilisikia mngurumo, kisha nikanusa harufu ya kiberiti, mfano wa yai viza. Mabomba mapana yang'aayo yalikata mabonde, na kila baada ya hatua kadha yalipinda kwenda juu kama fremu ya mlango. Mapindo hayo hulipa bomba la moto nafasi ya kutanuka, na wanyama wa mbuga hupita chini yake bila ya shida. Kilomita mbili au tatu chini ya miguu yetu maji yaliyonaswa katika miamba yalikuwa yakipikwa na joto la ardhi. Visima huchimbwa hadi huko. Mvuke hupanda kwa nguvu, huzungusha mtambo, nao mtambo huzaa umeme. Mtambo wa kwanza wa hapo, wa megawati 15, ulianza kazi mwaka 1981. Leo mvuke wa Bonde la Ufa hutoa zaidi ya thuluthi moja ya umeme wa Kenya, nao hauna kaskazi wala kusi. Huja mchana na usiku. Tangu mwaka 2017 kuna njia kubwa ya waya, yapata kilomita 480, itokayo karibu na Nairobi mpaka Mariakani, na kwayo umeme wa bara hutushukia kwa wingi kuliko zamani.

Upepo wa Turkana una tabia nyingine. Baina ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya pana mlango mpana, na upepo utokao upande wa Bahari ya Hindi husongwa humo ukazidi mbio, kama mto uzidivyo mbio penye kingo nyembamba. Hapo, karibu na Loiyangalani, zilisimamishwa nguzo 365, kila moja na mapanga yake matatu, ziwezazo kutoa megawati 310 kwa jumla. Kazi hiyo ilimalizika mwaka 2017. Walakini njia ya waya ya kwenda Suswa, kiasi cha kilomita 430, haikuwa tayari mpaka mwaka 2018. Mapanga yalikuwapo, upepo ulikuwapo, na hapana taa hata moja iliyowaka. Juu ya hayo nchi ilidaiwa mabilioni ya shilingi kwa kuchelewa huko. Jahazi lisilo na tanga nimepata kulisikia. Tanga lisilo na jahazi ndiyo kwanza.

Baada ya waya kufika likaonekana jambo ambalo nahodha yeyote angalilitabiri. Upepo wa Turkana huvuma sana usiku na alfajiri, saa ambazo watu wamelala na viwanda vingi vimefungwa. Umeme hauwekwi ghalani kama mahindi, ila kwa betri za gharama kubwa. Utolewapo, sharti utumiwe. Basi usiku, upepo ujaapo huko kaskazini, sehemu ya mvuke wa Olkaria huachwa iende zake hewani. Jioni, kila nyumba iwashapo taa, jua limekwisha kuzama na upepo wa Turkana aghalabu haujashika kasi. Hapo mitambo ya mafuta huitwa kazini. Hivi ndivyo niwajibuvyo wanafunzi: upepo hauuzwi, kiuzwacho ni kuufikisha kwenu saa muutakayo.

Pana bei nyingine isiyoandikwa katika hesabu ya mwezi. Huko Kinangop mradi wa upepo uliachwa mwaka 2016 kwa upinzani wa wenyeji. Oktoba 2021 mahakama ya ardhi iliyoketi Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi wa Turkana, eka 150,000, hazikupatikana kwa njia ya sheria. Olkaria nako jamaa za Kimasai zilihamishwa mwaka 2014 kupisha mitambo. Wako wasemao kwamba wafugaji hawa wanazuia maendeleo. Mimi si mmoja wao. Mtu wa Likoni ajua vema maana ya kuzaliwa juu ya ardhi ambayo hati yake i mkononi mwa mwingine.

Jua ndilo lililo jirani yetu zaidi. Soroti, nchini Uganda, walijenga mtambo wa megawati 10 mwaka 2016. Garissa wakajenga wa megawati 50 mwaka 2019, na bara ya Malindi umo wa megawati 40 tangu mwaka 2021. Lakini mwalimu hujenga kwa kipimo chake. Shuleni kwetu twataka chumba kimoja cha kusomea jioni kwa wale wasio na taa nyumbani. Taa 8 za wati 10, kwa saa 3, zahitaji wati-saa 240. Paneli moja ya wati 100, katika siku yenye saa 5 za jua kali, hutoa karibu mara mbili ya hizo, kabla ya kutoa kipotevu njiani na katika betri. Waliomaliza hesabu hii kwanza ni wasichana wawili wa Kidato cha Tatu, nao wakauliza mara moja tutafanyaje siku za mawingu ya kusi. Tumeongeza paneli ya pili. Fedha za betri bado zachangwa.