Maji Yalipobadilika Rangi Chini ya Tuta

Bwawa letu ni la familia. Lilijengwa na mlowezi kabla ya uhuru, baba akalipata pamoja na shamba miaka ya sabini, na alipofariki likawa la watoto wote, yaani halikuwa la yeyote. Liko kwenye miinuko ya Subukia, Kaunti ya Nakuru: tuta la udongo lenye kimo cha mita nne hivi, na chini yake bonde lenye nyumba za majirani, shule ya chekechea na barabara ya kwenda sokoni.

Tangu Mei 9, 2018, hakuna mtu wa pande zetu anayelala usingizi mzito chini ya bwawa mvua ikinyesha. Usiku huo bwawa la shamba la mtu binafsi lilipasuka huko Solai, si mbali na kwetu, likaua watu wasiopungua 47, wakiwemo watoto wengi. Ungedhani baada ya hapo kila mwenye bwawa angelikagua lake. Lakini ukaja ukame. Kaskazini na mashariki mwa nchi mvua ilikosa misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020. Kwetu hali haikufika huko, ila visima vilishuka na ng'ombe wakakonda. Kaka yangu mkubwa akapanga magunia ya mchanga kwenye mkondo wa kutolea maji ya ziada, bwawa lishike zaidi. Watu walimsifu. Kabla ya hapo alikuwa ameshakata mikalitusi iliyoota juu ya tuta na kuuza nguzo, na kwa hilo pia alisifiwa. Visiki vilibaki ardhini vikioza polepole, na kila mzizi unaooza ndani ya tuta huacha tundu.

Mvua ya Aprili 2024 haikuwa ya kawaida. Usiku wa kuamkia tarehe 29 maji yaliwasomba watu Mai Mahiu wakiwa vitandani. Mwanzoni tuliambiwa ni bwawa, baadaye ikaelezwa kwamba maji yalikuwa yamezuiliwa na tuta la reli ambalo njia ya maji chini yake ilikuwa imeziba. Siku chache baadaye serikali iliwaamuru waliokuwa karibu na mabwawa 178 wahame. Letu halikutajwa popote. Bwawa dogo la mtu binafsi haliingii kwenye orodha mpaka liue.

Wiki hiyohiyo nilishuka nyuma ya tuta kutafuta ndama. Pale chini palikuwa na unyevu miaka yote, maji safi ya kunawia miguu. Sasa yalikuwa yanabubujika kando ya kisiki, yana rangi ya chai ya maziwa. Nilimpigia simu mzee mmoja aliyekuwa fundi wa malambo enzi za ujana wake. Swali lake lilikuwa moja tu, rangi ya maji. Nilipomwambia akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, yakichuja safi unayachunga. Yakiwa na tope, hayo yanabeba tuta lenyewe. Toa watu kwanza, mimi nakuja."

Kutoa watu ndiyo kazi iliyonitoa jasho kuliko zote. Vijana wa bodaboda walibeba watoto na magodoro hadi kanisani, chifu akapita nyumba kwa nyumba, lakini nyanya mmoja aligoma kabisa. "Mjukuu wangu, hilo bwawa nimeishi nalo kabla hujazaliwa. Leo ndiyo litanifanya nini?" Nilikaa naye jikoni, nikamweleza, nikambembeleza, nikalia. Alitoka giza lilipoingia, na kuku wake wote.

Kaka naye alitaka tukate tuta katikati, maji yaishe upesi. Fundi alikuwa amefika, akamshika mkono. Ukikata udongo uliolowa, maji yenyewe yanapanua mtaro na bwawa zima linashuka kwa mara moja. Tukaondoa magunia kwenye mkondo wa kando, ule uliochimbwa kwenye ardhi ngumu nje ya tuta, na kufyeka matete yaliyouziba. Tukalaza mabomba ya umwagiliaji juu ya tuta yanyonye maji, na pampu za majirani zikasaidia. Alituzuia tusiyashushe kwa pupa, kwa sababu upande wa ndani uliolowa unaweza kuporomoka maji yanayouegemea yakiondoka ghafla. Pale palipobubujika alimwaga mchanga, juu yake kokoto, juu kabisa mawe. Nilitaka kuziba kwa udongo wa mfinyanzi, akakataa. Maji lazima yatoke, alisema, kinachozuiwa ni udongo kutoka nayo. Kufikia alfajiri yalitoka safi.

Wapo wanaosema Mungu alitulinda, nami nasema amina. Ila alitulinda kupitia mzee wa miaka sabini na kitu ambaye hakuna ofisi iliyomkumbuka tangu astaafu.

Kilichofuata kilikuwa kigumu kwa namna nyingine. Mhandisi aliyekuja kulikagua bwawa alitaka visiki ving'olewe, sehemu hiyo ya tuta ifukuliwe na kushindiliwa upya tabaka kwa tabaka, chini kuwekwe mfereji wa mchanga na kokoto, na tuombe kibali kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Tuliuza ng'ombe. Ndugu wawili hawakutoa hata shilingi, na hatujasalimiana vizuri hadi leo. Majirani wengine walidai bwawa livunjwe kabisa, na sikuona kosa lao. Tukakubaliana lishike maji kidogo kuliko zamani, na mkondo wa kando usiwekewe hata jiwe. Familia mbili zilizohama hazijarudi, na sina uso wa kuzibembeleza.

Wenye mabwawa wenzangu, mvua ikianza tembeeni chini ya tuta, si juu yake. Tazameni maji yanayochuja yana rangi gani, na muwe na namba ya simu ya kila nyumba iliyo chini yenu.