Sehemu ya 7: Mwambie aachie resi

Mama zangu, juzi nilipanda boda hapa Maramba, mwanangu mgongoni. Kijana anabadili gia huku ameshikilia resi. Akibana klachi, injini haina mzigo, inalia juu. Akiiachia, pikipiki inaruka mbele, sisi tunatupwa nyuma. Mara ya kwanza nikaona haya, nikanyamaza. Mara ya pili kichwa cha mtoto kikayumba. Nikasema, "Mwanangu, punguza resi kwanza, ndo ubadili gia." Hakununa. Safari ikawa laini.

Nawe sema, usiogope. Usikae upande. Na mjamzito ukianguka, njoo kituoni hata kama huumwi popote. Ukiona damu, maji, au mtoto hachezi kama kawaida, usingoje asubuhi.