Swichi ya jiko iliyofungwa kwa mpira

Binti wa miaka 14 alikuwa peke yake kwenye banda la chipsi la mama yake, Mbagala, jijini Dar es Salaam. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, muda ambao daladala zinaanza kushusha watu na wateja wanaanza kujipanga. Mama alikuwa amevuka barabara kufuata viazi. Baba alikuwa bado hajarudi kazini.

Mashine ya kukaangia ilikuwa imezimika. Binti alifanya kile alichokuwa akimwona mama yake akifanya kila siku: alibonyeza kitufe cha cheche. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili kimya. Mara ya tatu moto ulitoka chini ya mashine kwa kishindo, ukamfikia mkono, nyusi na nywele za mbele.

Kijana wa bodaboda aliyekuwa akisubiri chipsi mayai ndiye aliyewahi. Alifunga mtungi kwanza, moto ukaisha wenyewe, kisha akamvuta binti nje. Muuza matunda wa jirani alikuja mbio na yai mkononi, akitaka wampake ute. Mwingine alileta dawa ya meno. Kijana yule alikataa vyote viwili, akachukua dumu la maji safi na kuanza kuumwagia mkono taratibu. Mama alipofika na kiroba chake cha viazi, alimkuta mwanawe akitetemeka, mkono ukichuruzika maji.

Zahanati muuguzi aliendelea na maji yale yale. Alimweleza mama kwamba aliyeungua anatakiwa kumwagiwa maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, na hata kama saa moja au mbili zimepita bado yanasaidia. Barafu haifai. Yai, asali, unga, mafuta na dawa ya meno hufunika joto ndani ya ngozi, huweza kuleta vijidudu, na humpa daktari kazi ya kuvibandua kabla hajaona kidonda. Bangili na pete zivuliwe mapema kabla mkono haujavimba, malengelenge yasipasuliwe, na jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi kisichoshika. Mtoto aliyeungua usoni, mikononi au kwenye maungio apelekwe kituo cha afya hata kama jeraha linaonekana dogo.

Binti alirudi nyumbani usiku ule na bandeji kwenye mkono na nyusi zilizopungua. Angeweza kurudi na hali mbaya zaidi, maana mafuta yalikuwa bado kwenye tangi, na kwa bahati tangi halikupinduka.

Mama hakulala. Alikuwa anajua kitu ambacho muuguzi hakukiuliza.

Wiki tatu kabla, mashine ilianza ukorofi. Unabonyeza swichi, unaigeuza, moto unawaka vizuri, lakini ukiachia tu unazimika. Siku mbili mama alikaa amechuchumaa akibonyeza swichi huku wateja wakihesabu dakika. Siku ya tatu baba alipata ufumbuzi. Alikata kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, akaifunga swichi ikiwa imebonyezwa. Moto haukuzimika tena. Mauzo yakarudi, ada ya muhula ikalipwa, na kila mtu akausahau ule mpira.

"Ni mimi niliyeufunga," baba alisema usiku ule.

"Na mimi nilikuwa nauona kila siku," mama alijibu.

Hawakugombana. Asubuhi walimwita fundi wa majiko ya gesi, mtu mzima mwenye miaka mingi kwenye kazi hiyo. Baada ya salamu, kitu cha kwanza alichokigusa kilikuwa ule mpira. Aliukata kwa kisu, akauweka mezani mbele ya wazazi.

"Mama, hii mashine haikuwa mbovu," alisema. "Ilikuwa inawalinda."

Aliwaonyesha kijiti chembamba cha shaba kilichoelekezwa kwenye moto, ambacho mafundi hukiita themokapo. Ndani yake kuna metali mbili tofauti zilizounganishwa. Moto ukiipasha ncha yake, hutoa umeme mdogo sana, na umeme huo ndio unaoshikilia vali ya gesi iwe wazi. Moto ukizimika kwa upepo, ncha inapoa, umeme unakatika na vali inajifunga ndani ya muda mfupi. Ndiyo maana mtu akiwasha anatakiwa aendelee kubonyeza swichi kwa nusu dakika hivi, ili ncha ipate moto wa kutosha. Ya mama huyu ilikuwa imefunikwa masizi na mafuta, tena imepinda kidogo nje ya moto. Haikupata joto, kwa hiyo ilifunga gesi, kama ilivyotengenezwa kufanya.

Mpira ulipoishikilia swichi, ulinzi huo ukawa umeondolewa. Jioni ile upepo ulizima moto, na gesi ikaendelea kutoka. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, haipandi juu ikapotea. Ilishuka, ikajaa chini ya mashine na chini ya meza, kwenye banda lenye mabati pande tatu. Gesi hutiwa harufu kali makusudi ili ijulikane inapovuja, lakini pua ya mtu aliyekaa humo muda mrefu huizoea. Cheche ya tatu ya binti ilikuta gesi ya kutosha.

Fundi alibadilisha themokapo kwa pesa isiyofika bei ya ndoo moja ya viazi. Kisha alimfundisha mama namna ya kuchunguza mashine inayokataa kuwaka, akianzia kwenye mambo rahisi.

Kwanza ni mtungi. Je, una gesi, umefunguliwa, regulata imekaa vizuri, mpira haujakunjwa? Mtungi ukiwa umebadilishwa sasa hivi, hewa iliyo kwenye mpira hutangulia kabla ya gesi, kwa hiyo kuchelewa kidogo ni kawaida.

Pili ni cheche. Kama hakuna, tazama waya uliochomoka, kigae cheupe kilichopasuka, au ncha iliyolowa mafuta. Cheche ikiwepo na gesi isiwake, mara nyingi tundu dogo la gesi limeziba kwa vumbi, unga au utando wa buibui. Kulizibua ni kazi ya fundi. Ukilichokonoa kwa sindano, unaweza kulipanua na moto ukawa mkubwa kupita kiasi.

Tatu, ikiwaka na kuzimika ukiachia, kosa liko kwenye themokapo: ni chafu, imelegea, imepinda au imekufa. Ikizimika katikati ya kazi, angalia upepo kwanza, halafu angalia kama mafuta yamepata joto kupita kiasi, maana mashine nyingi zina kizuizi kinachokata gesi kabla mafuta hayajafikia kuwaka. Kizuizi hicho nacho hakifungwi wala hakirukwi.

Kuhusu uvujaji, fundi alipaka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira na regulata. Panapotoka mapovu, gesi inavuja. Usipime kwa kiberiti hata siku moja.

Kisha aliuliza swali ambalo mama hakulitarajia. "Watoto wanajua nini kuhusu hii mashine?"

Watoto walijua kuiwasha. Binti alijua tangu ana miaka 12, na mama alikuwa akijivunia. Hakuna aliyewahi kumfundisha wakati wa kutoiwasha. Nyumba nyingi sasa zina mtungi, na Serikali imelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mtoto anayekua na gesi anahitaji kujua kuifunga kabla ya kujua kuiwasha.

Jioni ile binti alirudi bandani na bandeji yake. Alikaa mbali kidogo na mashine, akachukua boksi la mafuta ya kupikia, akalikata na kuandika kwa kalamu nene maneno ambayo fundi alimrudishia mara mbili:

IKIZIMIKA: FUNGA MTUNGI. USIGUSE CHECHE WALA SWICHI YA UMEME. TOKA NJE, NGOJA DAKIKA TANO. HARUFU IKIBAKI, USIWASHE. MWITE MAMA. MOTO UKIKUSHINDA, 114.

Baba ndiye aliyelitundika. Alitafuta cha kulifungia, mkono wake ukagusa kile kipande cha mpira kilichobaki mezani. Alikitazama, akakitupa kwenye pipa la takataka, akaenda dukani kununua misumari.