Mji wa Mawe na Ng'ambo Yake

Likizo ya katikati ya mwaka inapofika, wazazi wengi wa mjini hujiuliza swali moja: watoto tuwapeleke wapi? Wenye kijiji huwapeleka kwa bibi yao. Wenye nafasi huwapeleka mbugani kutazama simba. Walio wengi huwaacha nyumbani na televisheni. Mwanzoni mwa Juni 2023, mimi na mume wangu tuliwapandisha watoto wetu wawili boti ya asubuhi kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja, si kwa ajili ya kuogelea, bali kutembea kwa miguu katika Mji Mkongwe. Wahenga walisema tembea uone. Hawakusema panda gari uone.

Na kwa kweli mji ule haukujengwa kwa ajili ya gari. Vichochoro vyake vingi vinamtosha mpita njia, baiskeli na mkokoteni wa hamali, basi. Nyumba zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na sakafu zake zimebebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vingi ni virefu lakini vyembamba, kwani upana wa chumba hufuata urefu wa boriti. Binti yetu, mwenye miaka kumi na mitatu, alianza kuhesabu milango ya nakshi, akachoka alipofika arobaini na kitu. Kijana wetu wa miaka tisa alipenda zaidi baraza za mawe zilizo nje ya nyumba, kwa sababu kila alipochoka alipata pa kukaa bila kumwomba mtu ruhusa.

Mtembeza wageni wetu alitupeleka kwanza Ngome Kongwe, waliyoijenga Waarabu wa Omani baada ya Wareno kufukuzwa pwani hii mwishoni mwa karne ya 17. Kisha tukasimama mbele ya Beit el Ajaib, jumba la Seyyid Barghash lililojengwa mwaka 1883. Tuliitazama kutoka nje ya uzio, maana tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka na kuua watu wawili waliokuwa kazini humo.

"Nyumba kubwa hivi inaangukaje?" aliuliza kijana wetu.

"Maji, mwanangu," alijibu mtembeza wageni. "Paa likivuja, ukuta wa chokaa unakunywa maji na boriti inaoza ndani kwa ndani. Kwa nje huoni kitu."

Nililishika neno lile, nikaendelea kutembea nalo.

Tukafika Mkunazini, penye kanisa la Kianglikana. Hapo ndipo lilipokuwa soko la watumwa hadi mwaka 1873, Seyyid Barghash alipotia sahihi, kwa kushinikizwa na Waingereza, mkataba wa kulifunga. Mkataba ule ni wa tarehe 5 Juni, kwa hiyo juma lile lile tulilokuwa pale ilikuwa imetimia miaka 150. Utumwa wenyewe uliendelea kukubalika kisheria visiwani mpaka mwaka 1897. Tulishuka katika vyumba vya chini ambavyo wageni huambiwa ndimo watu walimofungiwa. Wapo wanahistoria wanaobisha, wakisema vyumba hivyo vilijengwa baadaye. Hilo libishaniwe, soko halibishaniwi. Nje, ndani ya shimo, yamesimama masanamu ya zege ya watu waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya msanii Clara Sörnäs wa Sweden ya mwaka 1998. Hayalii wala hayanyooshi mkono. Yanatazama tu.

Binti yangu aliyatazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, sisi tulikuwa wauzaji au wauzwa?"

Msomaji, swali hilo lina watu wake wa kulijibu. Nilimwambia, "Twende tukamuulize bibi yako."

Ziara yetu ilimalizika soko la Darajani, kando ya barabara kuu. Mtembeza wageni alituaga hapo, akisema Mji Mkongwe unaishia hapo, na kwa ramani yake alikuwa sahihi. Barabara ile imepita palipokuwa na mkono wa bahari uliotenganisha mji wa mawe na Ng'ambo, na jina la Darajani ni kumbukumbu ya daraja lililokuwapo. Upande huu walikaa mabwana wa karafuu na pembe za ndovu, pamoja na matajiri wa biashara. Upande ule, katika nyumba za udongo na makuti, walikaa wapagazi, mafundi, wavuvi na madobi, na watumwa walioachwa huru walihamia huko kwa wingi. Tukavuka.

Shangazi yangu anakaa Michenzani, katika yale majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki. Watoto walimwamkia shikamoo, akawaitikia marahaba, akawapa chai ya tangawizi na mkate wa kumimina. Ndipo binti yangu akalitoa swali lake tena. Nilidhani shangazi atalikwepa, kwani utotoni mwangu maswali hayo yalikuwa yakijibiwa kwa kukohoa.

"Bibi yangu alizaliwa shamba, kwenye mikarafuu ya watu," alisema. "Mama yake aliletwa kutoka Nyasa angali mtoto, hakulijua jina la kijiji chao. Na babu yangu wa upande wa pili alikuwa baharia wa majahazi. Jahazi hubeba linachopakiwa, mjukuu wangu. Mie sikumuuliza, na yeye hakusema."

"Kwa hiyo tulikuwa pande zote mbili?"

"Mpo. Tena kunyweni chai, inapoa."

Binti yangu hakuuliza tena siku ile, lakini jioni, tulipokuwa tukirudi kupanda boti, alisimama mbele ya mlango mmoja mkubwa wa nakshi, akaupapasa kwa kiganja, akasema angependa kumjua fundi aliyeuchonga na alikuwa analala wapi.

Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na unastahili. Lakini nadhani urithi hauishii penye mwisho wa ziara. Ukiwapeleka wanao katika mji wa kale, waonyeshe mapambo, uwaonyeshe na shimo. Kisha uvuke nao barabara, ukatafute mzee mmoja ambaye bado anakumbuka. Ukuta ukinywa maji kimyakimya huanguka siku isiyotarajiwa, na familia nazo zina kuta.