Kamusi ya Nani Itamhukumu Mwandishi Mweusi?

Nilipotea kidogo, kazi za gazeti zilinibana shingo, lakini leo nimeshindwa kunyamaza. Kuna swali ambalo wahakiki wanapenda kumtupia mwandishi mweusi kabla hata hawajafika ukurasa wa kumi wa riwaya yake: hivi lugha yake ni sahihi? Wakishauliza hivyo wananyoosha mkono kabatini, wanashusha kamusi. Mimi nauliza upande wa pili: kamusi ya nani?

Mwaka 1952 kampuni ya Faber and Faber ya London ilichapa The Palm-Wine Drinkard, riwaya ya Amos Tutuola, Mnaijeria wa Abeokuta. Tutuola alikuwa amesoma miaka michache tu, na alikuwa akifanya kazi ya utarishi katika ofisi ya serikali Lagos. Dylan Thomas, mshairi wa Wales, alikisifu kitabu hicho katika gazeti la Observer. Mnadhani waliokasirika walikuwa Waingereza? Wapi! Waliokasirika sana walikuwa wasomi wa nyumbani kwake. Walisema Kiingereza chake ni aibu, kwamba wazungu wanakifurahia kwa sababu kinawaonyesha Mwafrika asiyejua sarufi. Wengine wakasema hadithi zenyewe ni za Wayoruba wote, na nyingine zinafanana na za D.O. Fagunwa, ambaye alikuwa akiandika kwa Kiyoruba tangu 1938.

Hebu tulitazame neno moja tu, hilo la kwenye jalada: Drinkard. Kamusi ya Kiingereza ina drunkard, yaani mlevi, mtu wa kulaumiwa. Lakini mhusika wa Tutuola si mlevi wa kuokotwa mtaroni. Kunywa tembo ndiyo shughuli yake maishani (nasema tembo linalogemwa, siyo yule wa Serengeti). Baba yake alimwekea mgema wake mwenyewe, na mgema alipokufa, jamaa akafunga safari kumfuata kwenye mji wa wafu. Mtu anayemfuata mgema mpaka kuzimu utamwita mlevi tu? Iwe Tutuola alilitunga makusudi au lilimtoka kalamuni, neno lile linamtosha mhusika wake kuliko lile la kamusini.

Sasa jaribuni kuliandika kwenye kompyuta. Papo hapo linapigwa mstari mwekundu chini! Tunaposema kamusi za kielektroniki wengi wanafikiria zile tunazozifungua kwa hiari yetu, lakini programu ya kusahihisha tahajia nayo ni kamusi ya kielektroniki, tena iliyopewa kiboko. Haisubiri kuulizwa. Simu yangu mimi hubadilisha Kiswahili changu kuwa Kiingereza bila hodi, na siku moja nusura nimtumie chanzo changu cha habari ujumbe ambao ungeniletea kesi. Tutuola angekuwa anaandika leo, angelazimika kugombana na mashine sentensi kwa sentensi kabla hajafika kwa mhariri.

Lakini tusijidanganye kwamba kosa hili ni la wazungu na mashine zao. Zora Neale Hurston alitoa Their Eyes Were Watching God mwaka 1937. Msimulizi wa kitabu anatumia Kiingereza cha shule, lakini Janie na wenzake wanazungumza kama Wamarekani Weusi wa Florida walivyokuwa wakizungumza vibarazani kwao. Mhakiki aliyemshukia kwa ukali alikuwa Richard Wright, mweusi mwenzake, katika jarida la New Masses mwezi Oktoba mwaka huohuo. Aliona riwaya haina hoja, na kwamba mwandishi anaendeleza maigizo ya kuwachekesha wazungu kwa gharama ya weusi. Wright ninamheshimu, na hofu yake ninaielewa, maana alikuwa na vita yake ya kupigana. Ila hapa naona alisikia lafudhi akaacha kusikiliza maneno.

Tena Hurston hakuokota lugha ile barabarani. Alisoma anthropolojia Barnard, New York, chini ya Franz Boas, akamaliza 1928, akarudi Kusini kukusanya hadithi na misemo ya watu wake. Mwaka 1942 alichapisha hadithi fupi ya Harlem na mwishoni akaweka orodha ya maneno ya mitaani na maana zake. Kwa maneno mengine, aliwatengenezea watu wake kakamusi kao mwenyewe. Alifariki mwaka 1960 akiwa maskini, akazikwa Fort Pierce kwenye kaburi lisilo na jiwe. Alice Walker ndiye aliyelitafuta na kuweka jiwe mwaka 1973. Mwaka 2022 Oxford na Harvard walitangaza kwamba wanaandaa kamusi ya Kiingereza cha Wamarekani Weusi chini ya Henry Louis Gates Jr. Miaka themanini baada ya kale kakamusi!

Sisi huku nako tuna ugonjwa wetu. Aliyepita sekondari Tanzania anakumbuka fani na maudhui. Kila riwaya, hata iwe Nagona ya Kezilahabi inayomzungusha msomaji kichwa, mwanafunzi anaandika kwamba "mwandishi ametumia lugha rahisi na inayoeleweka", anapewa alama mbili, anahamia kwenye mandhari. Tukahitimu hivyo, wengine tukaingia magazetini hivyohivyo.

Ndiyo maana sikushangaa sana yaliyonikuta hivi karibuni. Nilipewa nafasi niandike uhakiki wa Paradise, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, kitabu kilichofika fainali za tuzo ya Booker mwaka huo. Gurnah alipotunukiwa Nobel mwaka 2021 sote tulishangilia Mzanzibari wetu, kisha tukaanza kuulizana nani ana kitabu chake hata kimoja. Nikaandika, nikakabidhi. Mhariri wangu akanirudishia akisema, "Mdogo wangu, haya mambo ya neno mojamoja yapunguze. Msomaji anataka kujua kitu kimoja, Kiingereza chake kizuri au siyo kizuri?" Mwenzangu wa meza ya michezo akadakia: kama Kiingereza chake kizuri, mbona kajaza Kiswahili ndani? Alikosa maneno?

Maneno yenyewe ni haya. Riwaya inasimulia pwani na bara za nchi hii chini ya Wajerumani, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anachukuliwa kwao na mfanyabiashara anayemwita mjomba, Aziz, anapelekwa kukaa dukani pwani. Huko kijana mwenzake, Khalil, anamweleza ukweli: yule si mjomba wako. Baba yako ana deni, na wewe ni rehani. Gurnah ameliacha neno hilo kwa Kiswahili katikati ya Kiingereza chake.

Nilifungua kamusi ya kwenye simu nikaandika rehani. Ikanipa neno la Kiingereza la mikopo ya nyumba, lile la benki. Sasa mfikirie msomaji wa Toronto au Oslo, kakutana na neno hilo, kabonyeza, kaambiwa mtoto Yusuf ni mkopo wa nyumba! Atacheka, au atadhani mwandishi amekosea. Nikajaribu kifa urongo, jina ambalo Khalil anamtania nalo Yusuf. Simu ikalipasua vipande viwili, kufa kivyake na uongo kivyake, ikaishia hapo.

Nikashusha kamusi ya karatasi. Hii ni Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, toleo la kwanza la 1981, niliyoibeba kwa mama yangu ambaye alifundisha Kiswahili Tanga miaka mingi. Jalada linashikiliwa na plasta ya hospitali. Kwenye karatasi huwezi kufika neno bila kupita kwa majirani zake. Kidole kikashuka: kifafa, kifani, kifaranga, kifaru, halafu kifauongo. Mmea unaonyong'onyea majani ukiguswa, na pia mdudu anayejifanya amekufa. Pembeni, kwa penseli, mwandiko wa mama: "urongo, Pwani". Basi nikamwona Yusuf mzima mzima, mtoto anayesinyaa kila anapoguswa ili apate kuishi. Herufi R ya Kizanzibari ndiyo iliyomshinda yule wa kwenye simu.

Lakini kwenye rehani, kamusi ya mama nayo iliniangusha. Inazungumzia kitu kinachowekwa dhamana. Kitu! Mtoto wa watu yuko wapi hapo? Nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekula?"

Nikamwuliza kama amewahi kusikia mtu akiwekwa rehani. Akakaa kimya kidogo, kisha akaniambia kwamba bibi yake alikuwa akisimulia habari za wakati wa njaa, watoto wakipelekwa kwa wenye maduka ya pwani kwa kubadilishana na chakula, na kwamba wapo ambao hawakurudi kukombolewa. Alikuwa na neno lake na neno lilikuwa hilohilo. Hatukuwahi kuzungumza jambo hili maishani mwetu. Imebidi nisome riwaya ya Kiingereza, iliyoandikwa na mtu aliyeondoka Zanzibar akiwa kijana mwishoni mwa miaka ya 1960, ndipo nisikie habari za ukoo wangu.

"Hiyo kamusi unayo hapo?" mama akaniuliza.

"Ninayo."

"Chukua penseli. Andika: na mtu pia."

Nimeandika. Uhakiki ulitoka Ijumaa ile, aya ya rehani ikiwa imekatwa na picha ya mwandishi imekuzwa. Nafasi, nimeambiwa. Nilimwambia mhariri kwamba aya iliyokatwa ndiyo iliyojibu swali lake. Kiingereza cha Gurnah ni kizuri pamoja na kwa sababu ya yale maneno ambayo hakuyatafsiri, kwa kuwa angetumia neno la Kiingereza la dhamana, yule mtoto angepotelea kwenye vitabu vya mahesabu. Akanijibu nimwandikie makala nyingine siku zijazo. Nimeshaianza, na nimemwambia hii sitaipunguza.

Najua wapo mtakaoniambia nimezama mapenzini na makaratasi. Sikatai kwamba karatasi huchelewa. Kutoka toleo la kwanza la Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981 hadi la pili 2004 ni miaka 23. Mtoto amezaliwa, amemaliza chuo, maneno yake hayamo. Kamusi kubwa ya Oxford ilichapwa vitabu 20 mwaka 1989, lakini tangu 2000 imo kwenye intaneti na inaongezewa maneno kila baada ya miezi michache. Januari 2020 iliingiza maneno 29 ya Kiingereza cha Nigeria, ikiwemo okada, yaani bodaboda ya kwao, na danfo, ndugu yake daladala. Wasomi waliomcheka Tutuola wangeishi kuyaona hayo, sijui wangeficha wapi nyuso. Kwa karatasi tupu ingechukua muda gani?

Tatizo langu na kamusi za kwenye simu ni lingine. Zinajibu kwa uhakika mno, neno moja kwa neno moja, bila kusema nani kasema na lini. Zikibadilisha maana, ile ya jana haionekani tena. Ya karatasi inakuambia mwaka wake na waliohusika, kwa hiyo unajua unagombana na nani. Na ina pembe za kurasa, ambazo mwalimu wa Tanga anaweza kuwajibu wataalamu wa Dar es Salaam kwa penseli. Mhakiki wa riwaya zetu anahitaji mabishano kuliko majibu ya haraka. Mwandishi mweusi anapotumia neno ambalo kamusi haina, au inalo kwa maana nyembamba, hapo ndipo kazi ya mhakiki inapoanza, siyo mahali pa kuchora duara jekundu.

Sasa ninamsaka Madan. A.C. Madan alikuwa mmisionari wa UMCA Zanzibar, na kamusi yake ya Kiswahili kwa Kiingereza ilichapwa Oxford mwaka 1903, miaka ileile Yusuf angekuwa anakua. Kitabu chenyewe sijakishika mkononi, lakini kurasa zake zimepigwa picha moja baada ya nyingine na zinapatikana bure kwenye intaneti, kwa hiyo nitaisoma kamusi ya karatasi ndani ya simu ileile niliyoitukana hapa juu. Faili limemaliza kushuka sasa hivi. Umeme ukikubali usiku huu, naanza na herufi R.