Kufungua si Kubomoa

Kufungua kitu ni kazi inayowezwa na kila mkono. Mtoto wa miaka mitatu aweza kuifungua saa ya baba yake kwa jiwe, na kwa dakika moja vigurudumu vyake vikatapakaa sakafuni. Lakini kufungua kitu kwa nia ya kukifunga tena, kikarudi kazini kama kilivyokuwa au bora kuliko kilivyokuwa, si kazi ya mkono peke yake. Ni kazi ya mkono, jicho, kumbukumbu na subira. Nataka kukuonyesha tofauti hiyo, msomaji, kwa mfano wa kazi ambayo huenda umeipita mara nyingi kando ya barabara bila kuitazama: kutoa injini katika gari dogo la dizeli lililozeeka.

Yafaa kwanza ujue injini hiyo ni kitu gani. Jina lake ni jina la mtu. Rudolf Diesel alizaliwa Paris mwaka 1858, wazazi wake wakiwa Wajerumani. Alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1893, na mwaka 1897, katika mji wa Augsburg, injini yake ilijaribiwa ikafaulu. Injini ya petroli huwasha mafuta yake kwa cheche ya umeme. Injini ya dizeli haina cheche. Hewa huingia ndani ya silinda, kisha pistoni huishindilia mpaka ikabaki katika nafasi iliyo ndogo sana kuliko ile ya kwanza. Hewa iliyoshindiliwa namna hiyo hupata joto kali. Je, umepata kuishika pampu ya baiskeli baada ya kujaza upepo, ukaona kuwa ncha yake imepata moto? Sababu ni ile ile. Katika joto hilo mafuta hunyunyizwa kwa nguvu, nayo huwaka yenyewe. Kwa kuwa injini hii hustahimili mshindo mkubwa kuliko wa petroli, chuma chake ni kinene na uzito wake ni mwingi. Ukumbuke uzito huo, maana tutakutana nao tena.

Gari ninalotaka kulisimulia ni Toyota Corolla la miaka ya 1990, lenye injini iitwayo 2C. Injini hiyo ina silinda nne na ujazo wa sentimita mchemraba 1974. Lilikuwa mali ya mjomba wangu. Kila alfajiri lilichukua mikebe ya maziwa kutoka Bahati hadi Nakuru, na karo ya binamu zangu wawili ilitoka katika mikebe hiyo. Hatimaye gari likaanza kutoa moshi wa samawati na kunywa oili kama ng'ombe anywavyo maji. Asubuhi za baridi lilikataa kuwaka mpaka lisukumwe. Ukiyafahamu niliyoyaeleza juu, msomaji, wewe mwenyewe waweza kuutambua ugonjwa wake. Pete za pistoni na kuta za silinda zilikuwa zimelika. Hewa ilipenya pembeni, haikushindilika sawasawa, joto likapungua, na mafuta yakakosa kuwaka. Dawa ilikuwa kuchonga silinda upya, na silinda haziwezi kuchongwa injini ikiwa ndani ya gari. Ilibidi itolewe.

Nilikuwa likizoni, nikafuatana na mjomba mpaka kwa fundi. Karakana yake ilikuwa ya jua kali kwa maana halisi ya neno hilo: haikuwa na paa wala ukuta. Nilidhani kitu cha kwanza atakachokishika kitakuwa spana. Sivyo. Alimwagiza mwanagenzi wake alete mikebe mitupu kumi na miwili, kipande cha chaki, uzi na vipande vya karatasi ngumu. Mikebe ikapangwa kwa safu juu ya ubao, na kila mmoja ukaandikwa jina la sehemu ambayo nati zake zingewekwa humo. Chuoni tulifundishwa kuliandaa somo kabla ya kuingia darasani. Siku hiyo nilimwona mtu ambaye hakupata kuingia chuo chetu akiliandaa somo lake vizuri kuliko wengi wetu.

Gari liliwekwa mahali tambarare, mawe yakatiwa mbele na nyuma ya magurudumu. Kisha fundi akafungua betri, akianza na waya wa upande hasi. Mpangilio huo una sababu yake. Mwili wote wa gari umeunganishwa na upande hasi. Ukianza na upande chanya, na spana yako ikagusa bati, umeme wote wa betri hupita katika spana hiyo kwa mwako wa ghafula. Ukianza na upande hasi, hatari hiyo hukatika. Kitendo ni kile kile na spana ni ile ile, lakini mpangilio mmoja ni salama na wa pili ni ajali.

Baadaye maji ya rejeta yalimwagwa chini ya gari ndani ya beseni. Injini ilikuwa imelala usiku kucha bila kuwashwa, nayo ilikuwa baridi. Asikudanganye mtu kufungua kifuniko cha rejeta ya gari lililotoka safarini, kwa maana maji yake yamo katika kanieneo na joto kubwa, na yakipata mlango huruka usoni. Oili ilifuata maji. Boneti lilitolewa baada ya bawaba zake kuchorwa mstari wa chaki, ili lirudi pale pale lilipokuwa. Rejeta ikatoka na feni yake, likafuata sanduku la kuchujia hewa.

Ilipofika zamu ya mabomba ya mafuta, fundi aliosha mikono kwanza. Nilistaajabu, kwa sababu sijaona mtu anawaye mikono ili ashike dizeli. Akanieleza, "Mwalimu, vyuma vya ndani ya pampu hii vimekaribiana kiasi ambacho unywele haupiti. Chembe moja ya mchanga ikiingia, pampu imekwisha." Kila bomba lililofunguliwa lilizibwa mara moja kwa kitambaa safi. Alimwonya pia mwanagenzi asiweke kidole mbele ya nozeli inayojaribiwa. Mafuta hutoka humo kwa nguvu ipitayo mara hamsini ile ya upepo wa tairi, na hupenya ngozi kama sindano. Jeraha lake huonekana dogo, kumbe ni la kupelekwa hospitali saa ile ile.

Nyaya za dizeli ni chache, kwa kuwa hakuna plagi za cheche. Kuna waya wa plagi za kupasha joto, wa kukata mafuta, wa stata, wa alteneta, na nyingine ndogo za vipimo. Kila moja ilifungwa kikaratasi chenye namba, na mwanagenzi akaandika namba hizo katika daftari.

Walipokuwa nyuma ya alteneta, mwanagenzi aliuliza, "Fundi, bomba hili la mpira ni la nini? Halikufungwa popote."

Fundi akaacha kazi. Alilifuta tope bomba lile, akalifuata kwa kidole mpaka mwisho wake, kisha akamgeukia mjomba. "Mzee wangu, breki za gari hili huzikanyaga vipi?"

"Kwa miguu miwili siku hizi, mwanangu," mjomba akajibu. "Uzee huo."

"Si uzee, Mzee. Ni bomba hili."

Naomba uelewe maana ya maneno hayo. Injini ya petroli huvuta hewa kupitia mlango mwembamba, na mfyonzo unaopatikana hapo huusaidia mguu wa dereva kukanyaga breki. Injini ya dizeli huvuta hewa bila mlango wa kuizuia, basi haina mfyonzo wa kutosha. Kwa sababu hiyo katika injini hii pampu ndogo imewekwa nyuma ya alteneta, ifyonze hewa kwa niaba ya breki kupitia bomba la mpira. Miezi michache nyuma injini ile ilikuwa imetolewa katika karakana nyingine ili klachi ibadilishwe. Waliofungua walifunga karibu kila kitu. Bomba hilo moja lilisahauliwa, na gari likawaka na kwenda kama kawaida. Kwenda hakukuwa na shida. Shida ilikuwa katika kusimama.

Mjomba alikaa kimya. Nadhani alikuwa anaukumbuka mteremko anaoushuka kila siku kabla ya jua, mikebe imejaa nyuma yake na watoto wa shule wakitembea kandokando ya barabara. Wazee wetu walisema kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Mwiba huu ulikuwa umedharauliwa na mmoja, na mguu ambao ungeota tende ungekuwa wa mtu mwingine asiyejua lolote.

Kazi iliendelea. Bolti za bomba la moshi zilikuwa zimeshika kutu, lakini zilitiwa mafuta tangu jana yake, nazo zikalegea bila kukatika. Giaboksi iliegemezwa juu ya jeki, bolti zinazoiunganisha na injini zikafunguliwa. Ndipo ule uzito niliokuomba uukumbuke ukafika. Injini kama hii hupita kilo 100, na fundi hakuutumaini mti wa jirani. "Tawi halisemi lini litavunjika," alisema. Alisimamisha miguu mitatu ya mabomba ya chuma, akatundika winchi ya mnyororo, akaukaza mnyororo mpaka ukabeba mzigo. Baada ya hapo tu ndipo alipozifungua bolti za mwisho zinazoishikilia injini katika gari. Mkono wa mtu haukuruhusiwa kupita chini yake. Injini ilivutwa kwanza kando, sawasawa bila kupindishwa, mpaka ikaachana na giaboksi. Kisha ikapanda upana wa vidole viwili, ikasimamishwa. Fundi akazunguka akitazama kama kuna waya uliosahauliwa. Ikapanda tena, akazunguka tena. Ilipovuka ukingo wa gari, tulilisukuma gari nyuma, na injini ikashushwa papo hapo juu ya magogo. Fundi hakukubali ining'inie hata kwa muda wa kunywa chai.

Siku ya kurudisha, mpangilio ulipinduliwa: kilichotoka mwisho kikaingia kwanza. Daftari likasomwa, vikaratasi vikatolewa kimoja kimoja, na bomba la mpira likafungwa kwa mkanda mpya wa chuma. Jioni mikebe yote kumi na miwili ilikuwa mitupu, na breki zikakanyagika kwa mguu mmoja.

Nimesikia wanafunzi wakisema kwamba kazi ya spana ni ya walioshindwa na masomo. Tazama tena mfano huu, msomaji. Ndani yake mna elimu ya joto na hewa, mna elimu ya umeme, mna uandishi wa kumbukumbu, na mna jambo lililo kubwa kuliko hayo, yaani kumfikiria mtu ambaye hayupo. Karakana mbili zilitoa injini ile ile, na mikono ya zote mbili ilikuwa na nguvu. Walichopungukiwa nacho wale wa kwanza ni mikebe michache na kipande cha chaki.

Wewe pia utafungua vitu vingi maishani mwako. Pengine ni hesabu za duka, sheria ya nchi, au mwili wa mgonjwa juu ya meza ya hospitali. Kabla hujashika spana yako, iwayo yote, panga mikebe yako. Uandike kila kilipotoka kila kitu. Usikidharau kilicho kidogo kwa sababu hujui kazi yake. Uliza, kama alivyouliza mwanagenzi yule, kwa maana swali lake moja liliwafaa watu ambao hatawajua kamwe.