SEHEMU YA 3: Plasta ya homoni niliyoibandika, na maswali niliyouliza kwanza



Sehemu ya 1 tuliongea kuhusu hedhi inayoanza kuruka miezi. Sehemu ya 2 tukaongea joto la ghafla na usingizi unaopotea. Leo naingia kwenye lile mnaloniuliza sana: dawa. Na leo naongea kama nesi na kama mgonjwa pia, maana nina miaka 47 na hivi ninavyoandika nina plasta ya homoni kwenye tako la kulia. Ndiyo, kwenye tako. Tutafika huko.

Mabinti mnaonyonyesha msikimbie. Haya mambo yanampata mama yako sasa hivi, labda hata huyo anayekusaidia kumwogesha mtoto. Wewe zamu yako inakuja.

HALI ILIKUWAJE

Kwangu haikuanza na joto. Ilianza na hasira. Kijiko kikianguka jikoni nasikia kama mtu kanipiga. Halafu usingizi ukaondoka: nalala saa nne, saa nane usiku macho makavu. Halafu ndiyo likaja joto, linapanda kifuani hadi usoni, kanga imelowa, dakika chache baadaye natetemeka kwa baridi.

Nikahama kitanda. Nikawa nalala kwenye mkeka sebuleni kwa sababu sakafu ya saruji ina ubaridi. Mume wangu wiki ya kwanza alinyamaza. Wiki ya tatu akauliza, taratibu, kama kuna mtu mwingine. Jamani. Mtu unayeoga jasho usiku kucha unaulizwa kama una mchepuko. Lakini ningekuwa yeye, na sijaambiwa kitu, ningewaza nini?

Kazini ndiko kulikonitisha zaidi. Ukiwa zamu ya usiku wodi ya wazazi, unapima dawa za mama mwenye kifafa cha mimba, hakuna nafasi ya kichwa chenye ukungu. Nikaanza kumwomba mwenzangu ahakiki kila dozi kabla sijachoma. Alinisaidia bila kuuliza, Mungu ambariki.

Na kuna jambo la huku kwetu ambalo mtu wa mjini hatalielewa haraka. Usiku wa joto nilikuwa natoka uani, nasimama gizani natafuta upepo. Saa tisa usiku, mwanamke mtu mzima, peke yake, nje. Usukumani mnajua maneno yanayoweza kumfuata mtu wa namna hiyo. Bibi zetu wameuawa kwa kuwa na macho mekundu tu, macho yaliyoumizwa na moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe kwa miaka na miaka. Kwa hiyo mama akisema "silali usiku, natoka nje kupunga upepo," tafadhali msimcheke na msimtazame vibaya. Mpelekeni hospitali.

KABLA YA DAWA, VIPIMO

Jasho la usiku lina sababu nyingi. Kifua kikuu kinaleta jasho la usiku. VVU, malaria na tezi ya shingo pia. Kwa hiyo kabla ya kusema "ni umri", nilipimwa vyote hivyo. Nikapimwa mimba (ndiyo, miaka 47, mimba inawezekana), wingi wa damu, presha na mlango wa kizazi. Nikakaguliwa na matiti.

Kipimo cha damu cha homoni daktari hakukitaka. Alinieleza hivi: kwa mwanamke wa miaka 45 kwenda juu mwenye dalili zinazoeleweka, dalili zenyewe zinatosha, kwa sababu homoni za kipindi hiki leo ziko juu, kesho chini. Ukipima Jumatatu unapata jibu moja, Ijumaa jingine. Ila kama una chini ya miaka 45, na hasa chini ya 40, hedhi ikikata, hapo uchunguzi ni lazima.

Mimi naifananisha na umeme unaokatika na kurudi. Ukikatika moja kwa moja unazoea, unawasha taa ya sola. Kinachounguza friji ni ule wa kuja mkali, kupotea, kuja tena. Ovari zetu kwa miaka kadhaa kabla ya hedhi kukoma kabisa zinafanya hivyo hivyo na homoni ya estrojeni. Plasta inafanya kazi kama stabilaiza: inapitisha kiasi kidogo cha estrojeni kwenye ngozi, usiku na mchana.

DAWA NI MBILI, SIYO MOJA

Hapa naomba msome taratibu.

Nilimwona daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake Mwanza. Nilipanda basi asubuhi, Bariadi, Lamadi, Magu, hadi mjini. Aliniandikia plasta ya estrojeni ya mikrogramu 50 kwa siku, inayobadilishwa mara mbili kwa wiki. Mimi nabadilisha Jumatatu na Alhamisi. Pamoja nayo akaniandikia vidonge vya projesteroni, miligramu 200 usiku, kwa siku 12 za kila mwezi.

Kwa nini projesteroni? Kwa sababu bado nina kizazi. Estrojeni peke yake inanenepesha ukuta wa ndani wa kizazi, na ukiachwa hivyo kwa muda mrefu unaweza kuleta saratani ya kizazi. Projesteroni inaulinda. Aliyeondolewa kizazi mara nyingi anatumia estrojeni tu. Kwa hiyo ukisikia mtu anauza plasta peke yake, hakuulizi kama una kizazi, kimbia.

Nikamuuliza kuhusu saratani ya titi, maana hilo ndilo tulilofundishwa kuliogopa. Hofu ile ilitoka hasa kwenye utafiti mkubwa wa Marekani, sehemu yake iliyosimamishwa mwaka 2002. Wanawake wale walikuwa na wastani wa miaka 63, wengi walishakoma hedhi zamani, na walitumia vidonge vya homoni za aina mbili. Ongezeko lilikuwa kama wagonjwa 8 zaidi wa saratani ya titi kwa wanawake 10,000 kwa mwaka. Hatari ipo, na ukitumia miaka mingi inaongezeka, siwadanganyi. Lakini kwa mwanamke aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapita miaka 10 tangu hedhi ikome, mwenye dalili zinazomtesa na asiye na kizuizi, wataalamu wengi leo wanaona faida inazidi.

Na kwa nini plasta, siyo kidonge? Kidonge cha estrojeni kinapita kwenye ini, na ini linaongeza vitu vinavyogandisha damu. Ya kwenye ngozi inaingia moja kwa moja kwenye damu, na kwa dozi za kawaida haijaonekana kuongeza hatari hiyo ya damu kuganda. Mimi nina mwili mkubwa na hukaa kwenye basi saa nyingi. Hilo lilinihusu.

KUIPATA NA KUIBANDIKA

Bariadi nilizunguka maduka ya dawa sikuipata. Niliipata mjini, kwa cheti cha daktari, na bei yake ilinibidi niipange kama ninavyopanga ada. Kabla ya kuanza nilijiuliza: mwezi wa pili nitaipata? Wa tatu je? Kuanza na kukatisha kila mara ni kurudi kwenye ule umeme wa kukatika. Na hakikisha unanunua duka linaloeleweka, dawa iliyosajiliwa na TMDA. Ya kuletewa kwenye mkoba na mtu usiyemjua, acha.

Sasa kubandika. Inakwenda chini ya kiuno: tako, paja la juu, au tumboni chini ya kitovu. Kwenye titi hapana, kabisa. Badili upande kila mara. Epuka pale kamba ya sketi au fundo la kanga linaposugua.

Na sisi tukitoka kuoga lazima tupake mafuta, si ndiyo? Plasta haishiki kwenye mafuta. Siku ya kubadilisha, jifute, ngozi ikauke, bandika kwanza, kandamiza kwa kiganja ukihesabu hadi kumi, kisha paka mafuta kwingine kote. Pakiti usiiache kwenye joto chini ya bati. Mimi naiweka kabatini chumba chenye kivuli. Plasta iliyotumika bado ina homoni: ikunje igandane yenyewe, itupe mbali na watoto. Mjukuu anapenda sana kubandika vitu.

MIEZI MITATU IMEENDAJE

Wiki ya kwanza: matiti yaliuma, ngozi chini ya plasta iliwasha kidogo. Siku kama ya kumi nililala hadi saa kumi na moja alfajiri. Niliamka nikakaa kitandani nashangaa. Mwezi wa kwanza ulipoisha, joto lilikuwa linakuja mara moja moja, siyo kila saa. Damu ilitoka matone matone siku ambazo sikuitegemea. Miezi ya mwanzo hutokea, lakini niliandika kila tarehe na nikamwambia daktari.

Kidonge cha projesteroni kinaleta usingizi, ndiyo maana ni cha usiku. Siku za zamu ya usiku nakinywa asubuhi nikifika nyumbani, nikiwa naenda kulala. Daktari alinikubalia hivyo.

Ambacho plasta haikufanya: haikupunguza tumbo. Haikunirudisha miaka 30. Na ndoa haikutengenezwa na plasta. Ilitengenezwa na jioni moja nilipomkalisha mume wangu nikamweleza yote, nikamwonyesha na boksi la dawa. Akasema, "Kumbe ni ugonjwa?" Nikamwambia siyo ugonjwa, ni mabadiliko, ila yanatesa na yana tiba. Siku hizi anakumbuka Alhamisi kuliko mimi.

Tena: plasta haizuii mimba! Kama bado hedhi inakuja, hata kwa kuruka, endelea na uzazi wa mpango.

MAMA ALIYENIOMBA PLASTA MOJA

Jirani yangu, anauza nyanya, aliona nimebadilika akaja jioni. "Mayu, nigawie moja tu nijaribu." Nikamuuliza maswali yale yale niliyoulizwa mimi. Presha? Hajapima mwaka mzima. Hedhi? Ilikoma, zaidi ya miaka miwili, lakini mwezi uliopita damu imerudi. Yeye alifurahi, anasema ujana unarudi.

Sikumpa. Nilimpima presha pale pale, na kesho yake asubuhi tukaenda wote kituoni akachunguzwe. Majibu yake ni yake, sitayaandika hapa. Nataka mbaki na hili: damu inayotoka baada ya kukaa mwaka mzima bila hedhi siyo ujana. Ni dalili ya kuchunguzwa wiki hiyo hiyo, kwa sababu inaweza kuwa saratani ya kizazi au ya mlango wa kizazi, na ikiwahiwa inatibika.

Wengine wasioanza homoni kabla daktari hajapima sana: aliyewahi kuwa na saratani ya titi, aliyewahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu, aliyepata kiharusi au shida ya moyo, mwenye ugonjwa wa ini. Presha iliyo juu ishushwe kwanza. Kwa hao na kwa ambao hawaimudu bei, zipo dawa nyingine zisizo na homoni zinazopunguza joto; muulize daktari. Ila zile chupa za "kusafisha kizazi" mnadani, hapana.

Leo nawapa kazi moja. Binti, muulize mama yako swali hili: "Mama, usiku unalala?" Halafu nyamaza umsikilize. Wengi hatujawahi kuulizwa.

Sehemu ya 4 nitaongea ukavu ukeni na tendo la ndoa. Akina baba mnakaribishwa, ila mje na adabu.

Nesi wenu, Bariadi.